Mia Tano ya Kumtazama Mamba

Kirikuu ya mjomba wake ililala na dagaa,
ikaamka nao. Tulishusha vioo kuanzia Igoma,
harufu ikakataa kushuka.
"Basi tuna abiria," alisema Nyanzobe.

Orodha aliiandika nyuma ya kalenda ya ushirika,
kwenye mgongo wa Februari:
vitu visivyo na faida, barabara ya Musoma.
Mimi nilileta maji, mihogo ya kuchemsha,
na wasiwasi juu ya tairi la nyuma.

Kisesa, duka la viatu vya mguu wa kushoto.
Vya kushoto tu. Bwana Lugata hakutabasamu,
hata alipotuona tumeumana midomo.
"Vya kulia viko Bunda, kwa ndugu yangu.
Tuligawana urithi."
Nyanzobe akanunua kimoja, cha bluu,
saizi si yake, wala si yangu.

Ukiipita Nyanguge kuna Jiwe la Mama Mkwe:
mwamba juu ya mwamba, kilemba cha kinyesi cha kunguru,
amekaa kama aliyefika bila taarifa
na akakuta vyombo havijaoshwa.
Wapitao huinamisha macho. Malori humeza honi.
Nyanzobe, ambaye posa mbili amezirudisha na chenji,
aliinamisha macho vilevile, huku akiendesha.
Nikadaka usukani,
nikamwamkia jiwe kwa niaba yetu sote.

Magu, nyuma ya gereji: ndege.
Bati, mabomba ya maji, panga za feni ya saluni.
Fundi aliiunda miaka saba, ikagoma kuruka,
kuku wakahamia chumba cha rubani.
"Ndege ni ndege," alisema,
akatupakatisha mayai manne yenye joto bado.
"Hizo zinazoruka, ipi imewahi kutaga?"

Tulicheka mpaka Nassa, mpaka kwenye pamba.
Hapo akanyamaza.
Orodha ilikuwa na mstari mmoja umebaki,
herufi zake ndogo kuliko za mingine:
*mamba, kabla ya Lamadi.*
Nilidhani ni utani unaofuata.

Baa imefungwa. Paa liliondoka na upepo,
au na mwenye deni.
Mamba yupo: saruji, hatua kumi na moja,
amepakwa masalio ya rangi ya mitumbwi,
mdomo wazi kuelekea ziwani
kama anayemngoja daktari wa meno.
Mtoto akachomoka kwenye katani,
shati la shule, kaptura ya nyumbani.
"Kumtazama mia tano. Kumpanda elfu."

Nyanzobe, anayegombana na mizani ya sokoni,
anayerudisha nyanya moja kwa ajili ya doa,
alilipa. Akapiga magoti,
akatia mkono mdomoni mwa mamba hadi kiwiko.

"Meno haya ni sahani za mama," alisema.
"Baba alizivunja moja moja, kwa adabu,
kama anayemenya yai.
Mimi nilikuwa nampangia. Nilikuwa na miaka sita.
Mama hakumsemesha hadi Pasaka."
Akahesabu kwa kidole: matatu.
Nilitafuta neno, nikapata mhogo,
nikampa nusu. Akaula bila kuuangalia.

"Mengine yako wapi?" akamuuliza mtoto.
Mtoto akatazama ziwa, akatazama kirikuu,
akaingiza mkono mfukoni.
Kipande cha udongo mweupe, kikubwa kuliko kucha,
na juu yake nusu ya ua la waridi.
"Hili mia mbili."

"Mia," alisema Nyanzobe, sauti imemrudia.
"Mia mbili, ni la zamani."
"Najua umri wake kuliko wewe. Mia."
Walivutana mpaka jua likakaa juu ya maji,
wakaelewana: mia na hamsini, na yai moja.

Tulirudi na mayai matatu, kiatu kimoja,
na jino ndani ya kiatu.
Abiria wetu walishukia wapi,
hakuna aliyekumbuka kuuliza.