Nusu Athari

Al-Khuwair, ghorofa ya tatu. Kiyoyozi kinatema baridi,
nje lami inalainika. Mie na skrini.
Bwana Mahfudh, wakili wa falaji moja ya Ibra,
ataka wenye maji waone mafungu yao simuni:
duara moja, siku saba,
athari mia tatu thelathini na sita,
kila athari nusu saa ya maji kupita.

Kwanza rangi. Chati huja na zake, za peremende,
kama kwamba wagawanao ni watoto.
Nikazifuta. Nikatia rangi ya tope la mfereji,
ya kokwa ya tende, ya ndimu iliyokaushwa juani,
ya kanzu iliyofuliwa hata ikasahau weupe.
Akapiga simu: "Mbona kama tuko matangani?"
Nikarudisha kijani kimoja. Akanyamaza.

Kisha mwanzo. Chati huanzia utosini,
pale mshale wa saa unaposimama wima.
"Siku yetu haianzi hapo," asema, "yaanza jua likitoka."
Hilo sikuhitaji kufafanuliwa:
nyumbani kwetu Mabela mama hadi leo
huita saa moja ile ambayo simu yake yaita saba.
Nikazungusha digrii tisini.
Kipande cha kwanza kikalala mashariki, kikatulia.

Kisha tundu. Aliiona mahali chati iliyotobolewa
kama bangili, naye akaitaka.
Nikatoboa, humo ndani nikaandika jumla.
Siku mbili kimya, halafu ujumbe:
"Ziba. Maji hayana tundu."

Nikaziba.

La mwisho nililitia mwenyewe, sikuombwa na mtu:
mpaka mweupe baina ya vipande, pikseli mbili tu,
kila fungu lipumue.
Ikapendeza! Nikajisogeza nyuma na kiti
kama fundi cherehani anayeitazama kanzu begani mwa mteja.

Usiku nikampelekea mama picha.
Naye ana maji kule, urithi wa babake
aliyetoka Ibra kijana akazikwa Wete:
nusu athari, robo saa,
ambayo binamu huikodi na kulipa akikumbuka.
Mama akaikuza picha kwa vidole viwili,
akaizungusha simu, akaizungusha tena.
"Mie niko wapi?"

Orodhani yumo: Rayya binti Shinun.
Kwenye duara, hayumo.
Nikapiga hesabu juu ya karatasi ya risiti.
Nusu athari, katika duara la ukubwa ule,
ni pikseli moja na ushei.
Na mpaka wangu ni mbili.
Urembo wangu umeyanywa maji ya mama
na ya wengine kumi na wanne, nimewahesabu,
na hakuna aliyesikia hata tone.

Nikaandika sifuri pale palipokuwa na mbili.
Vipande vikagandana, kokwa na tope na ndimu,
duara likawa zito, halipumui tena.
Lakini kule upande wa machweo
ukatokea uzi, unywele,
na kutoka kwenye unywele nikavuta mstari hadi nje ya duara,
nje ambako nafasi ipo, na mwisho wa mstari jina zima.
Kumi na watano wote nikawavutia yao.
Ukigusa kwa kidole, uzi wasogea nje kidogo,
kama mtu anayeinuka kitini akiitwa.

Mahfudh: "Hii mistari kama miguu ya pweza. Itoe."
Nikamjibu mfumo haukubali.
Mungu anisamehe. Mfumo wakubali chochote.

Mama nikampelekea nyengine.
Akaikuza, akagusa, uzi ukainuka.
"Ah. Kumbe ndiyo hiyo." Akakaa nayo muda.
Kisha akauliza:
"Na leo imeshapita, ama bado?"

Nikalitazama duara langu, rangi zake, mashariki yake.
Hilo sikuliwekea.