Kufua

Moncalieri, Februari. Karakana tuliyokodi
ilikuwa ghala la matairi; kabla ya hapo, ya dobi;
na kabla ya dobi hakuna aliyekumbuka,
mpaka Ilde alipokwangua chokaa ukutani
akakuta mstari wa makaa, mrefu, umepinda
kama mgongo wa paka anayejinyoosha:
ubavu wa gari zima, kwa ukubwa wake halisi.

Walichora ukutani siku zile.
Kisha wakauza ukuta.

Tulikuwa watatu. Ilde, aliyepunguzwa kazi
kiwanda kilipobaki na mikono isiyotoka jasho.
Savino, seremala wa majeneza.
Nami, niliyeandika bima za magari
yaliyofanana kama punje za mchele.
Mnadani tulipata nyundo tisa
na mfuko wa ngozi uliojaa mchanga,
umebonyea katikati, pale ilipokaa
miaka arobaini ya mtu mwingine.

Savino akachonga mifupa ya mti
akiufuata mstari. Sisi tukashika bati.
Bati likatukataa.
Tulilipiga, likanuna. Tukalipiga tena, likapasuka
ukingoni, ufa mwembamba kama tabasamu la mdai.
Wasemao chuma hufuliwa kingali moto
hawajakesha na shiti ya alumini.

Siku ya kumi na tisa mlango ukagongwa.
Mtu mfupi, koti la mvua, mfuko wa vitunguu.
"Brondolo, Evasio," ukoo kwanza,
kama kwenye orodha ya mishahara.
"Napita hapa kwenda kituo cha basi.
Siku ya nne leo nawasikia.
Mnapiga kama mnaofukuza mwizi.
Sikuja kufundisha. Nimekuja mnyamaze."

Sikio lake moja lilikufa kazini.
Lililobaki lilitosha kutuaibisha.

Akauona mfuko wa mchanga. Hakusema ni wake.
Aliweka kiganja kwenye lile bonde
kikaenea.

Halafu, kwa hasira: "Sabuni!"
Tukadhani anataka kunawa.
Akachukua mche wa sabuni, ule wa kufulia,
akalisugua bati kama kola ya shati,
akawasha gesi, akapitisha moto kwa mbali
mpaka ule utando ukaiva rangi ya kahawa.
"Sasa. Zima. Ngoja lipoe."
Na bati lililotutesa wiki tatu
likalegea mikononi kama unga uliokandwa.
Kufua nguo, kufua bati:
neno lilikuwa moja siku zote,
sisi ndio hatukuwa na sabuni.

Alirudi kesho yake, kuhakikisha tunanyamaza.
Na keshokutwa.
"Likiitika *to*, endelea.
Likisema *ta*, umelikosea adabu."
Alitukataza kupapasa kwa mkono mtupu;
kiganja kina kiburi, alisema, kinahisi kinachotaka.
Tukapapasa kwa kitambaa cha pamba, macho yamefumbwa,
na kila kibonyeo kikajitaja.

Madigadi ya kushoto aliifua yeye.
Ya kulia niliifua mimi; nne zilikwenda jalalani,
ya tano ikakaa juu ya mti bila kulalamika.
Julai tukapima. Ya kulia ilinenepa
milimita nne, karibu na taa.
Ilde akataka ivunjwe.
Brondolo akazunguka na kitambaa chake,
polepole, mara mbili, akasimama palepale.
"Nani alipiga hapa?"

Kimya. Savino akakumbuka kunoa randa.
"Mimi," nikasema.

Akalamba ncha ya penseli, akainama,
akaandika kwa ndani, rangi isipofika,
herufi zangu mbili na tarehe.
Upande wake hakuandika kitu.
Akatazama saa, akachukua vitunguu vyake,
akaliwahi basi.

Mnunuzi bado hatuna.
Mlango wa kulia unagoma kufunga
kukiwa na unyevu. Kesho Savino ataupiga randa,
unywele mmoja tu, asizidishe.