Habari ya Mwaka, Kisiki

Mwaka jana, kaskazini ya Maine, theluji ya kwanza,
nililenga kisiki dakika kumi.
Kilikuwa na shingo. Kilikuwa na pembe, naapa.
Nilikisubiri kigeuke nikipige ubavuni,
vidole vikafa ganzi kwa heshima.
Kisha jua likatoka, kikabaki mti.

Sikumwambia mtu. Nilimwambia Aldéa tu,
naye akamwambia Gaétan, mkwe wetu,
na ghala zima la viazi likacheka.

Daktari wa mjini alinimulika kurunzi,
akasema: una mtoto wa jicho.
Nikamwambia nimeshalea wanne, wanatosha,
huyu wa tano kaingia saa ngapi?
Bado mchanga, akasema. Tumwache kidogo, tutamtoa.
Basi naishi naye, mtoto asiyelia,
anayevuta pazia tu kila jioni.

Bunduki ni ya baba, ya wenzo.
Nyuma ina pengo, mbele kijiti chenye kichwa cha shaba.
Nilipokuwa na miaka ishirini niliviona vitatu pamoja:
pengo, shaba, kulungu,
kama ndugu waliojipanga kupigwa picha.
Sasa lazima nichague.
Nikilitazama pengo, kulungu ni moshi.
Nikimtazama kulungu, pengo ni uji.

Rosaire, fundi bunduki, akanitandikia mezani
dawa zake za uzee.
Darubini kwanza. Nikaielekeza dirishani
nikaona gome la msonobari, kubwa, zuri,
kila ufa na utomvu wake,
ila sikujua ni msonobari upi
katika misonobari yote ya dunia.
Msituni kwetu kulungu hakai mbali.
Hutokea ghafla, kama mdai mlangoni,
na kabla hujampata ndani ya bomba lile
ameshamaliza mazungumzo, ameondoka.
Tena theluji hupenda kioo.

Kisha nukta nyekundu, ya betri.
"Hii hata marehemu bibi yangu angeiweza."
Kwa jicho lake ni nukta. Kwa langu
ni nyanya iliyoangushwa sakafuni.
Nikamrudishia.

Mwisho akatoa pete.
Kipande cha chuma, tundu katikati, basi.
Akafungua kisahani cha ndani, akakitia mfukoni,
tundu likabaki pana kama la kifungo cha koti.
"Usilitazame," akasema. "Pitia tu.
Jicho lenyewe linajua katikati ni wapi."
Nikapitia. Pete ikayeyuka,
ukabaki mduara wa ukungu,
na ndani ya ukungu ile shaba
(tuliipaka rangi nyeupe ya kucha, ya mkewe)
imesimama kama jino la mtoto.
Dola hamsini na gunia la viazi.

Novemba tena. Fulana ya rangi ya chungwa, chupa ya chai,
mabaka ya theluji chini ya mierezi.
Nikafika pale pale.
Nikainua kofia: Habari ya mwaka, kisiki?

Kisiki kikageuza sikio.

Sikupumua. Nikasubiri
mpaka niwe na hakika ya sikio, ya pua, ya mguu wa nne,
kwa kuwa Gaétan naye yumo msituni humu,
na mtu akipiga goti afunge kiatu
huwa na umbo la chochote unachokitamani.
Pembe. Nikaona pembe.
Pete, jino jeupe, bega.

Baadaye, bandani, kamba na ndoo na mvuke,
Gaétan akauliza alikuwa umbali gani.
"Hatua sitini," nikasema.
Aldéa, aliyekuwa akinoa kisu, hakuinua uso.

Zilikuwa kumi na tisa. Nilizihesabu mara mbili.
Na kisiki chenyewe, kile cha kweli,
kilikuwa hatua tatu kushoto,
kimevaa theluji kichwani,
kimenyamaza.