Ngapi Jana?

Alhamisi, jua halijafika kwenye bani,
Nyamizi huja na baiskeli isiyo na kengele,
hupiga hodi kwa kikohozi:
changu. Ananiiga. Wanangu hucheka.

Haketi mpaka apewe kigoda.
Hafungui daftari mpaka tumalize habari za mvua,
za nyuki waliohama mzinga wa Mihayo,
za mkopo wa mbolea ambao chama kitaukata
kabla sijaiona hata noti moja.
Kisha kalamu: "Ngapi jana?"

Hasemi acha. Hasemi utakufa.
Hayo alishayasema mkwe wangu, na mchungaji,
na pakiti yenyewe imeandikwa;
niliyasikia kama mvua ya bati la jirani.

Mimi ni mkulima wa tumbaku.
Mikono yangu ina ulimbo mweusi usiojua sabuni.
Nimeipanda, nimeipalilia,
nimekesha wiki nzima nikichochea moto wa bani,
nikaisokota kwenye daftari la mwanangu,
ukurasa wa hesabu,
nikavuta majibu yake.

"Kumi na nne," nilisema mara ya kwanza.
Zilikuwa ishirini. Aliandika kumi na nne.
Alijua.
Wiki iliyofuata nikasema ishirini,
na hapo, nadhani, ndipo zilipoanza kupungua.

Gongo ndiyo iliyokuwa na mizizi.
Kwa Mama Ndisha, nyuma ya mashine ya kusaga,
kikombe cha kwanza ni cha salamu, cha pili cha rafiki,
cha tatu hakina mwenyewe.
Pale zahanati muuguzi alinipima presha,
akanigeuzia karatasi niione namba.
"Hii si ya mtu aliyeketi," akasema,
"ni ya mtu anayekimbia. Unakimbia nini, Kapaya?"
Sikujibu. Foleni nyuma yangu
ilijifanya inasoma bango la chanjo.

Jioni Maganga akaja kuazima jembe, asiondoke.
Kesho yake Kasonta, kuazima jembe lile lile.
Saa ya kikombe ikapita tukicheza bao,
jembe limeegemea ukuta, halijaguswa.
Baadaye sana nilijua walikuwa wamepangiana zamu.

Nilianguka mara mbili.
Siku ya soko, lori la Urambo limeshaondoka na marobota,
nililala mtaroni na malipo mfukoni.
Aliyenifunika kanga ni Mama Ndisha mwenyewe,
aliyeninyima cha tatu.
Alhamisi nikamweleza Nyamizi.
Akaandika, akapuliza wino ukauke,
akauliza tena habari za nyuki.

Sasa ni sigara mbili, baada ya ugali.
Wanangu wanasema kile kikohozi cha hodi
siku hizi anamwigiza mtu mwingine.
Bani bado linafuka. Deni bado lipo.
Na jembe, safari hii, Maganga amelichukua kweli.
Halijarudi,
nami mawingu nayaona kule Kaliua.