Kilo Ishirini na Moja na Nusu

Mimi ni mpimaji wa ghala la chama, Newala.
Kuanzia Oktoba hadi mvua zichachamae
magunia hupita mbele yangu kama akina mama kliniki:
panda, tulia, shuka.
Naandika. Namwita mwenye mali auone mshale kwa macho yake,
maana huku mkono wa mpimaji huaminiwa mara moja tu.

Korosho yenye unyevu naijua kwa kuitikisa kiganjani.
Gunia lenye mchanga chini nalijua kwa linavyokaa.
Ila Somoe,
aliyeko Makambako kwa mama yake,
mwaka wa pili sasa sijui akikaa anakaaje.

Huongea naye saa moja na nusu jioni,
nimesimama juu ya jiwe nyuma ya ghala;
chini ya jiwe mtandao hauteremki.
Ukungu ukipanda kutoka bonde la Ruvuma
sauti yake hufika vipande vipande.
Mwanzoni nilimuuliza maswali ya mgeni:
umekula, umesoma, hujambo?
Akanipa majibu ya mgeni: ndiyo, ndiyo, sijambo.
Kisha kimya, na bando likiungua.

Jumanne moja akaniwahi:
"Leo tumepimwa shuleni. Nina kilo ishirini na moja na nusu.
Hiyo ni nyingi?"

Swali la kazi yangu.
Nikamwambia, subiri nikapime.

Chinduli, mlinzi, alikuwa anachemsha chai.
Hakuuliza. Alinimulikia tochi tu
nikichota korosho kopo kwa kopo
kwenye gunia tupu: kumi na tisa, ishirini,
ishirini na moja,
halafu moja moja, moja moja,
mpaka mshale ukakubali.
Nikafunga mdomo kwa kamba ya katani.
Nikainama, nikaliinua.

Themanini nimezibeba tangu ujana, nazijua zinapouma.
Hizi ziliuma pengine: chini ya viwiko,
pale panapokalia mtoto aliyebebwa amesinzia.
Mara ya mwisho alikuwa kama kumi na tatu hivi,
stendi ya Masasi, alfajiri,
udenda wake ukilowesha kola yangu,
na kondakta akigonga bati, twende, twende.

Nikalizunguka ghala mara tatu.
Nikarudi juu ya jiwe.

"Nimekupima."
"Nikoje?"
"Mzito. Mgongo wote unaniuma."
Akacheka. Kwa mara ya kwanza mtandao haukukata kitu.
"Umenibeba mgongoni au begani?"
"Mgongoni."
"Usinidondoshe. Kuna mtu anatuangalia?"
"Chinduli."
"Mwambie shikamoo."

Asubuhi nilizirudisha korosho za watu, zote.
Mnada hauna mwana.
Ziliondoka na lori la bandarini Mtwara,
na mnunuzi hakujua alichonunua.

Tangu hapo hatuulizani hali.
Yeye hunitajia namba, nami huchota.
Ishirini na mbili kasoro robo.
Mwezi alioumwa homa, ishirini kamili:
usiku ule gunia lilipanda mgongoni upesi mno,
nikakaa nalo mlangoni hadi chai ya Chinduli ikapoa,
wala sikulishusha.

Jana alibipu, nikampigia.
"Baba, jino la mbele limeng'oka!
Bibi amelirusha juu ya bati. Sasa nipunguze."
"Nikupunguze kiasi gani?"
"Jino moja."

Nikafungua kamba, nikatoa korosho moja.
Mshale haukutikisika.
Niliandika hata hivyo, ukurasa wa mwisho wa daftari,
kwa kalamu ileile ya kazi:
Somoe, toa moja.

Hiyo sikuirudisha.
Imo mfukoni mwa shati.
Chama na kinidai.