Fundi wa Spika, Tangamano

Mwenyekiti Shekiondo kapanda jukwaani
na karatasi nne, miwani kaisahau Muheza.
Akakohoa. Akaanza. Akarudi mwanzo.
"Ndugu... ndugu zangu wa..."
Muuza machungwa akammalizia: "Wa Tanga!"
Uwanja ukacheka, ukaanza kumegeka
kuelekea Barabara ya Kumi na Mbili.

Mimi nimekodiwa kwa elfu sitini, sina chama.
Ila visikizi vilikuwa masikioni mwangu,
nikamsikia, chini kabisa ya mkwaruzo,
akiwataja kwa majina
vibarua saba wa mkonge wasiolipwa tangu Machi,
na ugonjwa wa mtoto wa yule wa tano.

Nikapandisha sauti mpaka kikomo.
Spika zikapiga yowe.
Waliobaki wakaziba masikio.