Kuonja si Kula

Fomu imerudi kutoka bima
na muhuri mwekundu: HAIJAKAMILIKA.
Kosa ni kisanduku kimoja,
upana wake ukucha wa kidole gumba:
Mgonjwa alifunga? Ndiyo. Hapana.
Nilikiacha kitupu.

Si kwa kusahau. Nina miaka kumi na tisa
katika masjala hii ya Ngamiani,
najua majalada kwa harufu:
hili la Barabara ya Nane, limelala jikoni,
lile la Chumbageni, limevishwa plastiki.

Nilikiacha kwa sababu ya Bi Mwantumu Kilua,
mpika visheti wa Barabara ya Kumi na Mbili,
aliyefika saa moja asubuhi,
kanga yake ya kichwani bado ina unga.
Sekiete wa maabara akamtoboa kidole,
tone likanyonywa na kijiti,
mashine ikahesabu kimyakimya, kisha ikatamka:
kumi na tatu nukta nane.

"Umefunga, mama?"
"Nimefunga. Tangu isha sijala kitu."
Halafu, kwa kuwa ni mtu wa haki:
"Ila shira niliionja alfajiri.
Ncha ya ulimi tu, nikatema.
Hiyo haifunguzi. Hata Ramadhani
mpishi anaruhusiwa."

Sekiete akanitazama mimi.
Mimi nikaitazama kalamu.

Neno moja, mizigo yote hiyo:
kufunga swaumu, kufunga mlango,
kufunga jalada kwa kamba ya katani.
Bima wanataka lipi?
Shehe angemwandikia Ndiyo.
Daktari angemwambia rudi kesho.
Mimi karani sina fatwa, sina dawa,
nina wino wa buluu na sheria moja
niliyopewa siku ya kwanza kazini:
kisichoandikwa hakikutendeka.

Nikiandika R73, sukari imepanda,
sababu haijulikani;
watalipia tone lile, basi.
Nikiandika E11, ni kisukari chenyewe, kile cha ukubwani:
atapata vijiti, vidonge, kliniki kila mwezi,
na jina litakalomfuata hadi cheti cha mwisho.
Herufi moja, tarakimu mbili.
Hata ndoa hufungwa kwa maneno mengi zaidi.

Alirudi Jumanne.
Siku hiyo shira aliionja bintiye, Mwanaheri,
ikaungua kidogo, wateja wakanuna.
Kumi na moja nukta mbili.
Na kile kipimo kingine, cha damu ya mshipa,
kinachosoma miezi mitatu nyuma,
kikaja na tisa nukta moja.
Harusi ya mpwa wake, Idi,
arobaini ya shemeji,
kila kikombe cha chai kilichosukumia andazi
kilikuwa kimejiandikisha humo ndani
bila karani, bila kisanduku.

Daktari Mhina akaandika
kwa mwandiko kama kuku aliyepekua,
nami nikaufumbua, nikaunyoosha.

"Umeniandika nini?"
"E kumi na moja."
"Ndiyo nini?"
Ningeweza kusema ni namba ya rafu tu.
Nikamwambia, "Ni sukari, Bi Mwantumu. Imeshakuwa yako."
Akanyamaza, akiung'oa unga kwenye kucha.
"Basi andika na hili," akasema.
"Kuonja si kula. Nisije nikaonekana mwongo
kwenye makaratasi ya serikali."

Hilo halina msimbo. Nimetafuta
kitabu kizima, kuanzia A hadi Z:
kuna msimbo wa kugongwa na ng'ombe,
kuna wa kuanguka kitandani,
wa mwanamke aliyetema shira akahesabiwa ameinywa
haupo.

Leo fomu ile ya kwanza iko mezani,
muhuri wake umekauka.
Natia alama: Hapana.
Pembeni, kwa herufi za sisimizi:
alionja, akatema, akasema mwenyewe.
Wakitaka wairudishe tena.
Muhuri wanao.
Mimi wino bado ninao.